Acheni Kuziba Mabanda ya Kuku

Kuna imani moja iliyoshika kuanzia Mwingi hadi Mutomo, na kuanzia Mbooni hadi Mtito Andei, kwamba adui mkubwa wa kuku ni baridi. Fundi akiitwa ajenge banda, anapandisha ukuta mpaka ukutane na bati. Tundu lolote linalobaki linazibwa kwa udongo. Mlango unakatwa mdogo, wa mtu kuingia kwa magoti, na mwenye boma anaambiwa kwamba sasa kuku wake wamepata nyumba. Miezi michache ikipita kuku wanakoroma, macho yanavimba, mmoja mmoja wanalala chini na kufa, na maelezo yanayotolewa ni yale yale: wamepigwa na upepo. Basi matundu yanatafutwa tena, yanazibwa zaidi.

Naipinga imani hiyo bila kumung'unya maneno. Kwa sehemu kubwa ya Kitui na Makueni, banda lililozibwa linaumiza kuku kuliko baridi yoyote tunayoijua. Linawanyima hewa, linawalaza kwenye unyevu, na kwa jinsi lilivyojengwa halisafishiki. Anayelijenga anatumia udongo mwingi na nguvu nyingi kutengeneza ugonjwa.

Tuanze na kuku mwenyewe. Joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41, juu kuliko la binadamu, na amevikwa manyoya mwili mzima. Hana jasho. Akipata joto kali, njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi ili maji yaondoke kwa pumzi, na njia hiyo inafanya kazi pale tu hewa inapotembea na kuwa kavu kiasi. Kuku mkubwa huwa na raha hewa inapokuwa kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Ikipita 30 anaanza kutaabika: anakula kidogo, anataga kidogo, na ganda la yai linakuwa jembamba. Sasa linganisha na hali ya hewa yetu. Usiku wa Julai pale Makindu huwa karibu nyuzi 15. Mchana wa Februari na Machi, na tena Septemba na Oktoba, nyuzi 30 ni jambo la kawaida, na chini ya bati lisilo na dari joto hupanda zaidi ya hapo. Mtu anayejenga banda Ikutha au Kibwezi akifikiria baridi tu, amejenga kwa ajili ya wiki chache za mwaka na kusahau miezi mingi iliyobaki.

Kuku wenyewe wametuambia haya siku zote. Boma lenye mwembe, jioni ikifika, utawaona wanaparamia matawi kulala huko juu, upepo ukiwapita. Hakuna aliyewafundisha, babu zao wa porini huko Asia walilala mitini. Sisi ndio tunaowafukuza kwa fimbo washuke, tukawasukume kwenye kijumba cha giza. Tuna sababu ya kuwashusha, maana juu ya mti kuna paka mwitu na bundi. Lakini tukiwashusha, tuwape mahali penye hewa kama ile waliyoichagua.

Nenda kwenye banda la aina hii saa kumi na mbili asubuhi, kabla halijafunguliwa. Sogeza bati la mlangoni. Kitu cha kwanza kinachokupokea ni harufu kali inayochoma macho na kukata koo. Hiyo ni amonia. Inatokana na kinyesi: bakteria wanapopata unyevu wanavunja asidi ya mkojo iliyo kwenye ule weupe wa kinyesi cha kuku na kuigeuza hewa. Sasa inama mpaka kichwa chako kifike alipo kuku na uvute pumzi pale. Mfugaji husimama mlangoni nusu dakika na kuondoka. Kuku amelala humo tangu magharibi, pua yake ikiwa karibu na sakafu inapotoka amonia. Hewa hiyo huharibu vinyweleo vidogo ndani ya koo ambavyo kazi yake ni kusukuma nje vumbi na vijidudu. Vikishalemaa, kila kijidudu kinachopita kina njia nyeupe hadi mapafuni. Kuku anaanza kukohoa, na mwenye kuku anasema baridi, kisha anaziba tundu la mwisho lililokuwa linampa nafuu.

Unyevu wenyewe unatoka wapi katika nchi kavu kama hii? Unatoka kwa kuku. Kila mmoja hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku, zaidi jua likiwa kali. Kuku 20 ni lita nne au tano, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho kikiwa kibichi robo tatu yake ni maji. Banda lisilo na mahali pa kutokea hewa linakusanya hayo yote usiku kucha. Mahali palipo joto na unyevu, vimelea vya koksidia vilivyotoka na kinyesi hukomaa kwa siku moja au mbili na kuwa tayari kuambukiza, ndiyo maana vifaranga wengi wanahara damu wakiwa ndani ya banda ambalo mwenye nyumba analisifu kwa joto lake.

Watetezi wa banda lililozibwa watanijibu kwa vifo vya halaiki. Watasema: mbona ukifika msimu wa upepo, kuku wa kijiji kizima wanaisha kwa wiki moja? Kinachofagia kijiji kwa wiki moja mara nyingi ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wafugaji wanauita mdondo au kideri, na unaletwa na virusi. Virusi hivyo husafiri na kuku aliyenunuliwa sokoni akiwa tayari ameambukizwa, na matenga ya wachuuzi wanaozunguka vijijini kukusanya kuku wa kupeleka Nairobi, na viatu, na kinyesi. Ukuta usio na dirisha hauvizuii. Kinachovizuia ni chanjo, ile ya tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na ambayo shirika la serikali la KEVEVAPI linaitengeneza hapa hapa nchini. Hapa ndipo imani ya baridi inapofanya madhara makubwa kuliko yote: aliyeshawishika kwamba upepo ndio muuaji anatumia nguvu zake kwenye udongo wa kuzibia, na chanjo hainunui. Sisemi kwamba banda lenye hewa linazuia Newcastle. Nasema kwamba kuku mwenye koo zima na macho safi ana nafasi nzuri zaidi dhidi ya mengi, na kwamba mfugaji aliyeacha kulaumu upepo atakuwa amebaki na swali la maana la kuuliza.

Hata kuhusu baridi yenyewe, tuna ushahidi kutoka mahali ambapo baridi ni baridi kweli. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Marekani, kwenye theluji ya kufunika magoti, walifikia hitimisho kwamba mabanda yao yaliyofungwa yalikuwa yanaua kuku. Wakajenga mabanda yaliyoachwa wazi upande mmoja, yenye wavu tu, majira yote ya mwaka. Daktari Prince T. Woods aliyaandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1924. Ikiwa kuku mkavu aliweza kulala salama kwenye theluji ya Massachusetts mbele ya wavu, kuku wa Kitui anaogopeshwa na nini mwezi wa Julai?

Kuna hoja ya pili ambayo naiheshimu zaidi, nayo ni ya wizi na wanyama. Mama mjane mwenye kuku 15 amewekeza humo karo ya shule na dawa za nyumbani. Nguchiro anaingia usiku, mwizi anaingia usiku, kwa hiyo anaziba. Namwelewa. Lakini Ukambani tumewahi kulipa gharama kubwa sana kwa hofu ya namna hii. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliugulisha watu 317 na kuua 125, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wachunguzi walipofuatilia waliona kwamba familia zilizopata msiba zilikuwa na tabia ya kuweka mahindi ndani ya nyumba wanamolala, mengine yakiwa bado na unyevu, badala ya kuyaweka kwenye ghala lililoinuliwa. Baada ya ukame watu waliogopa kuibiwa chakula kidogo walichokipata. Nafaka ililindwa dhidi ya mwizi ikauawa na unyevu, na unyevu ukaua watu. Ghala la kale la Wakamba, lililosimama juu ya miguu na kuta za fito zinazopitisha upepo, lilikuwa limejibu swali hilo zamani. Ni ajabu kwamba sumu hiyo yenyewe iligunduliwa kupitia ndege wa kufugwa: mwaka 1960 bata mzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza, na uchunguzi wa chakula chao ndio uliofikisha wanasayansi kwenye aflatoksini. Kwa hiyo, kabla sijaendelea, anayewapa kuku mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu "watu hawawezi kuyala" aache leo.

Mwizi na nguchiro wanazuiwa na uimara, na uimara hauhitaji giza. Wavu mwepesi wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, hauzuii kitu zaidi ya kuku mwenyewe. Nguchiro anaupasua na nyoka anapita katikati. Weka wavu mzito wa matundu ya nusu inchi, uupigilie kwa ndani ya fremu, kisha nje yake weka fito ngumu au vyuma. Chini, msingi uingie ardhini futi moja ili asichimbe mtu wala mnyama. Nguzo ziwe za mukau, mti wetu wenyewe, ambao taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI imeushughulikia kwa miaka mingi pale Kitui na ambao mchwa hawauwezi kwa urahisi. Banda liwe karibu na dirisha la chumba cha kulala ili kelele ya kuku isikike. Kufuli nzuri kwenye mlango mzima inalinda kuku kuliko ukuta wa udongo ambao mwizi anautoboa kwa jembe.

Sasa usafi, ambao kwangu ni nusu ya hoja yote. Vitabu vingi vya ufugaji vinatuambia tuoshe banda kwa maji na dawa kila wiki. Waandishi wake hawajawahi kununua mtungi wa lita 20 Mutomo mwezi wa Septemba. Mwanamke aliyetembea nusu siku kufuata maji kwenye mchanga wa mto hatayamwaga kwenye sakafu ya kuku, na anafanya sawa kabisa kutoyamwaga. Banda la nchi hii linapaswa kusafishwa kwa kukwangua, kufagia, jua na majivu. Maana yake ni kwamba usafi unaamuliwa siku ya kujenga. Ukikosea siku hiyo, hakuna bidii ya baadaye itakayookoa.

Kosa la kwanza ni mlango. Mtu mzima hataingia kwa magoti kila asubuhi kwenye kinyesi. Ataingia mara mbili kwa mwaka, au atamtuma mtoto, na mtoto atakwangua pale mkono unapofika. Mlango uwe wa futi sita kwa tatu, toroli lipite. Paa liwe juu kiasi cha kusimama. Watu wanasema banda refu linapoteza joto. Ndivyo inavyotakiwa, joto na hewa chafu vipande juu na kutoka.

Kosa la pili ni mahali pa kulala. Karibu nusu ya kinyesi cha siku hudondoka usiku chini ya fito za kulalia. Panga fito hizo kwenye ukuta mmoja, zote kwa kimo kimoja ili kuku wasigombanie ya juu, na chini yake weka ubao au bati linalotoka. Asubuhi unalivuta, unakwangua, unanyunyiza majivu, unalirudisha. Ni kazi ya dakika chache, na nusu ya amonia imeondoka kabla haijazaliwa. Fito zenyewe zisipigiliwe misumari. Ziwe za kukaa kwenye vishikizo, uweze kuzitoa na kuzianika juani, kwa sababu utitiri na papasi hujificha mchana kwenye maungio na nyufa kisha hutoka usiku kunyonya damu. Ndiyo maana ukuta wa udongo uliopasuka ni mbaya hata ukiwa na dirisha: kila ufa ni makao ya papasi. Siliba ukuta mpaka uwe laini, na sakafu iwe ngumu, yenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni. Juu yake tandaza maranda au makapi makavu. Ukitaka kujua kama matandiko yamechoka, kamata konzi moja na kuminya. Yakishikana kama tonge, yatoe. Yakimwagika kati ya vidole, bado ni mazima.

Na kinyesi hicho ni mali. Makueni ni nchi ya matuta ya fanya juu, ya miembe na michungwa. Shamba lenye njaa ya naitrojeni liko hatua kumi kutoka bandani. Harufu inayokuchoma macho ni mbolea yako inayoyeyuka hewani kabla haijafika kwenye mwembe.

Nimeulizwa vipimo, navitoa. Banda la futi 10 kwa 8 linatosha kuku 20 hadi 25 wa kienyeji wanaotoka mchana. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi, ambazo zijengwe nzima. Kuta ndefu mbili ndizo zinazopumua. Ule wa kusini, unaokabili upepo wa miezi ya baridi, upandishe futi nne, kisha wavu mpaka juu. Fito za kulalia ziwe upande huo, futi mbili na nusu kutoka chini, ili upepo upite juu ya vichwa vya kuku bila kuwapiga mwilini. Ukuta wa kaskazini uwe futi mbili tu, na wavu hadi kwenye paa. Mabati yatokeze nje futi mbili kuzuia mvua na jua. Chini ya bati tandika nyasi kavu au mabua juu ya wavu, uyabadilishe kila msimu, na kama uwezo upo paka bati rangi nyeupe. Ukimaliza, washa gunzi la mahindi lifuke moshi, liweke katikati ya sakafu na ufunge mlango. Moshi ukitoka taratibu kwa juu upande mmoja, banda linapumua. Ukizunguka ndani na kutuama, ongeza nafasi.

Nakubali mambo mawili. Vifaranga wanahitaji joto, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipunguzwa kidogo kila wiki. Lakini joto hilo linatoka kwa mama yao au kwenye kitalu kidogo chenye jiko au taa, na halimpi mtu ruhusa ya kuwafungia kuku wakubwa gizani. Tena, anayeishi juu Mbooni au Kilungu, kwenye ukungu na manyunyu ya Julai, ashone pazia la magunia la kushusha usiku upande wa upepo na kulipandisha asubuhi. Hata huko, juu pabaki wazi, maana kuku mkavu anastahimili baridi ambayo kuku aliyelowa haiwezi.

Wapo pia wanaowalaza kuku jikoni au chumbani. Hilo silitetei kwa sababu yoyote. Utafiti uliofanywa vijijini Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kufuga kuku kuliendana na watoto warefu zaidi kwa umri wao, ila pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba wanamolala watu, sehemu kubwa ya faida hiyo ilipotea. Mtoto anayetambaa anaweka mkono sakafuni, kisha mdomoni.

Kuhusu gharama, hesabu haimtetei anayeziba. Ukuta uliopunguzwa nusu unaokoa matofali, udongo na siku za fundi, na fedha hiyo inanunua wavu mzito. Fundi akikuambia kwamba banda la wazi ni la matajiri, mwambie akupigie hesabu ya matofali kwanza.

Kwa yule ambaye tayari ana banda lililozibwa, usisubiri kujenga jipya. Jumamosi hii toboa ukuta wa kaskazini na wa kusini, juu, chini kidogo ya bati, nafasi ya futi moja kwa urefu wote, na uweke wavu wa nusu inchi. Panua mlango. Toa kila kilichomo sakafuni ukipeleke shambani, uache mlango wazi jua liingie, kisha umwage majivu na matandiko mapya. Mvua za Oktoba zisikukute hujafanya hivyo, kwa sababu unyevu utakaoingia na mvua hizo utakuta mwingine umejaa ndani. Na siku hiyo hiyo mtafute afisa wa mifugo wa wadi yako, umuulize ni lini chanjo ya Newcastle inakuja.